Maswali na Majibu: Kuweka Gesi Kwenye Gari Kubwa la Petroli

Wasomaji wa Nakuru, Kisumu na huko Kakamega wamekuwa wakiniuliza jambo moja: je, Land Cruiser, Prado au Range Rover ya petroli inaweza kutumia gesi ya LPG, ile ile tunayopikia? Inaweza. Haya ndiyo maswali yaliyorudiwa zaidi.

Fundi, nina Land Cruiser V8 ya petroli, lita 4.7. Mafuta yananimaliza. Nikiweka gesi nitaokoa pesa kweli? – Msomaji, Milimani, Nakuru

Utaokoa, ila usitarajie kile anachokuahidi muuzaji. Lita ya gesi ina nishati ndogo kuliko lita ya petroli, kwa hivyo gari litakunywa lita nyingi zaidi. Lililokuwa likienda kilomita 5 kwa lita litaenda kama 4. Maana yake ni kwamba bei ya lita ya gesi ikifika asilimia 80 ya bei ya petroli, faida imekwisha.

Tuchukue mfano: petroli shilingi 180, gesi 110. Kilomita moja kwa petroli ni shilingi 36, kwa gesi ni 27.50. Unabaki na 8.50. Fundi akikudai 150,000 kwa kazi yote, pesa zako zitarudi baada ya kilomita 17,600 hivi. Anayekwenda Nairobi na kurudi kila wiki atafika hapo kwa kama mwaka mmoja. Anayelitoa gari Jumapili kwenda kanisani asijisumbue.

Weka bei za wiki hii mwenyewe. Ya petroli EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Ya gesi hakuna anayeipanga, kwa hivyo piga simu uulize. Ukitajiwa bei ya kilo, igawe kwa 1.85 upate ya lita. Mtungi wa kilo 13 ukiuzwa 3,100, lita inakuwa karibu 129, na hapo akiba yako imeshakonda sana. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuiondolea gesi kodi hiyo. Sehemu ya unafuu huu imetoka Bungeni, na Bunge linaweza kuuondoa.

Na kabla hujalipa hata shilingi, jua utajaza wapi kwenye njia unazopita.

Kuna kijana hapa Kondele anafunga mtungi wa kupikia kwenye buti, bei yake ni ya chini sana. Kuna ubaya? – Mama wa watoto watatu, Kisumu

Mama, nakuomba usikubali. Na kama tayari umefungiwa, utolewe leo, kabla watoto hawajapanda tena gari hilo.

Mtungi wa jikoni umetengenezwa usimame wima na kutoa mvuke kwa juu. Mfumo wa gari unataka gesi ikiwa bado maji maji, kutoka chini ya tangi. Ndiyo maana hao vijana huulaza mtungi, nao haukuundwa kufanya kazi ukiwa hivyo. Tangi halisi la gari lina kifaa cha valvu kadhaa pamoja: moja husimamisha ujazaji likifika asilimia 80, nyingine hubana gesi bomba likikatika kwenye ajali, nyingine hufunga yenyewe ukizima gari, na nyingine hupunguza shinikizo likizidi. Juu ya kifaa hicho kuna kifuniko kisichopitisha hewa, chenye bomba la kutoa gesi nje ya gari ikivuja.

Hiyo asilimia 80 ina sababu yake. Gesi ya maji maji hupanuka sana ikipata joto. Gari lililoegeshwa saa nane mchana kwenye jua la Kisumu, tangi likiwa limejazwa pomoni, halina nafasi ya upanuzi huo. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu. Hutambaa sakafuni, hujaa chini ya viti, hutuama kwenye shimo la gereji ikingoja cheche. Wote tunakumbuka Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lilipolipuka na watu wakafa majumbani mwao. Kujaza gesi kiholela uani, kutoka mtungi hadi mtungi, ni kuchezea moto ule ule.

Ukienda kwa fundi wa kweli, mwambie akuonyeshe kibati kilichochomelewa kwenye tangi. Kipanguse vumbi ukisome: utafute 67R-01, ambayo ni alama ya kanuni ya kimataifa ya vifaa vya gesi ya magari, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Kama hakuna kibati, ondoka.

Gari litaweza milima? Mimi ni wa Kisumu na Eldoret kila mara.

Litaweza. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Eldoret 2,100 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, iwe inatumia petroli au gesi. Gesi yenyewe huongeza upungufu mdogo tu, mradi ufungiwe mfumo wenye injekta yake kwa kila silinda. Ile mifumo ya zamani ya kuchanganya gesi na hewa mlangoni mwa injini usiiweke kwenye V8 ya kisasa: ikirudisha moto, hupasua manifoldi ya plastiki, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye silinda.

Badilisha plagi kwanza, na koili zinazozipa umeme zipimwe. Gesi inataka cheche kali, na koili chovu ambayo petroli iliivumilia itakuaibisha mlimani.

Prado yangu ilizima Mau Summit. Kufungua boneti, naona barafu kwenye chombo cha gesi, na jua linawaka! – Msomaji, Molo

Chombo hicho ni rediusa. Ndicho kinachogeuza gesi ya maji maji kuwa mvuke, na kazi hiyo hula joto jingi. Joto lenyewe hutoka kwenye maji ya moto ya injini, na ndiyo sababu gari huwaka kwa petroli kisha likahamia gesi lenyewe maji yakishapata moto. Ukiona barafu, maji hayafiki: yamepungua, kuna hewa kwenye mabomba, au fundi aliyaunganisha vibaya. Injini ikipoa kabisa, fungua rejeta uangalie. Usiishie kuongeza maji tu; tafuta yanakokwenda, kwa maana huenda ni gasketi ya hedi inakupa onyo.

Gari langu ni la dizeli. Naweza?

Kwa mfumo huu, hapana. Gesi inahitaji plagi, na dizeli haina.

Ni kweli gesi huchoma valvu?

Kuna ukweli. Kwenye baadhi ya injini, viti vya valvu ni laini na huliwa pole pole zikitumia gesi. Nafasi ya valvu huisha, valvu haifungi sawasawa, kisha inaungua. Pima nafasi hizo kabla ya kufunga mfumo, upime tena baada ya kilomita 20,000. Usilikimbize gari kwa mizunguko ya juu muda mrefu. Na usiache tangi la petroli likauke, kwa sababu pampu iliyo ndani hupozwa na hiyo petroli.

Lazima niwaambie watu wa bima?

Ndiyo, kwa maandishi, kabla gari halijatoka gereji. Ambatisha risiti yenye namba ya tangi na jina la aliyelifunga.