Ol Doinyo Lengai kwa usiku mmoja: bakiza nguvu za kushukia

Mkuu uliyeuliza kama Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, unapandika kwa siku moja ukitokea Arusha, kama mtu aliyekwisha fika kilele cha Mlima Meru ana haja ya kujiandaa tena, na kama umchukue mwanao wa miaka 13. Unapandika, tena kwa usiku mmoja. Na jiandae upya. Mimi nilipanda mwezi wa tisa 2019, miezi michache baada ya Meru, nikiwa na kiburi kilekile ninachokisikia kwenye swali lako. Samahani, lakini nakijua.

Meru una mita 4,562, Lengai 2,962. Kwa tarakimu utasema huyu ni mdogo wake. Ila Meru unaupanda kwa siku tatu au nne, kuna vibanda vya kulala na njia iliyotengenezwa. Lengai hauna kibanda, hauna maji, hauna mti wa kujishikilia, na njia yake haizunguki: inapanda wima tu. Unaanzia kwenye mita kama 1,300, kwa hiyo kuna zaidi ya mita 1,600 za kupanda kwa mkupuo mmoja, halafu unazishuka zote asubuhi hiyohiyo. Huku hewa haikusumbui, magoti ndiyo yatakayokusumbua.

Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami. Baada ya hapo tulikuta vumbi kupitia Selela na Engaruka mpaka kijiji cha Engaresero, karibu na Ziwa Natron, na kuna mageti ya ushuru njiani, weka fedha tayari. Sisi tulifika jioni tukapanda usiku uleule. Kosa. Fika siku moja kabla, ulale mchana, japo joto la Natron halimwachi mtu alale vizuri.

Tuliondoka kambini saa 5 usiku, tukaanza kutembea saa 6 na nusu. Watu hupanda usiku kwa kukwepa jua, na mimi naongeza sababu nyingine: ungeuona mteremko ule mchana ungerudi kwenye gari. Mmoja wa waongozaji wetu alikuwa kijana wa Kimaasai, shuka, fimbo na katambuga, zile ndala za matairi. Mimi nilikuwa na buti mpya za bei mbaya. Saa ya kwanza ni nyasi na majivu, hatua mbili mbele, moja inakurudisha nyuma. Halafu majivu yanakuwa magumu kama saruji iliyomwagwa vibaya, unapanda kwa mikono na miguu, na aliye juu yako anakuporomoshea mawe bila kukusudia. Kofia ngumu si urembo. Glovu pia, kwa maana mwamba ule unachuna viganja.

Tulikuwa wanne. Saa 9 usiku mmoja wetu, tena mkimbiaji mzuri, akasema basi. Bahati tulikuwa na waongozaji wawili, mmoja akashuka naye. Angekuwa mmoja, tungerudi sote au tungemwacha mwenzetu kwenye upepo. Hapo usibane fedha.

Kileleni tulifika karibu saa 12 alfajiri. Upepo mkali, harufu ya mayai viza, na mbele yako shimo. Kabla ya 2007 wapandaji walikuwa wanatembea ndani ya kreta, yaani shimo hilo la kileleni, maana lava ilikuwa imeijaza mpaka ikawa inafurika ukingoni. Julai 2007 yakaja matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi, Septemba mlima ukalipuka, na milipuko ikaendelea hadi 2008. Sakafu ile ikaondoka, likabaki shimo refu lenye kuta za wima. Baadaye lava ilianza tena kutoka humo chini. Usisogelee ukingo hata kwa picha, kwa sababu ni majivu, unaweza kumeguka.

Nililoliona chini lilikuwa vichuguu vinavyofuka moshi, na kimoja kikitema kitu cheusi chepesi kama oili chafu ya gari. Hiyo ndiyo lava yenyewe. Volkano nyingine nyingi hutoa lava ya nyuzi joto 1,000 na zaidi, hii ni kati ya 500 na 600 tu, kwa sababu imejaa magadi. Ndiyo, magadi, ndugu wa yale ya kulainishia maharage. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hii. Ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe, ndiyo maana ukiwa mbali unadhani kilele kina theluji. Moja ya madini yake makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Hilo sikulijua nilipokuwa juu, ningejisikia mtu zaidi.

Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu na huenda huko kuomba. Kijana wetu alikaa pembeni akanyamaza kitambo. Sikumuuliza. Jua likatoka, Natron ikaonekana kaskazini, Mlima Gelai kando yake, Mlima Kerimasi nyuma yetu.

Kisha kijana akaniuliza, "Kaka, maji umebakiza?" Nilipanda na lita tatu, nilibakiwa na nusu chupa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usome mara mbili. Tulianza kushuka saa 1 asubuhi, tukafika kwenye gari saa 6 na robo mchana. Yale majivu magumu yaliyokuwa msaada usiku sasa yamefunikwa na changarawe ndogo, ni kama kutembea juu ya gololi zilizomwagwa sakafuni. Nilianguka mara nne kabla sijakubali kushuka kwa makalio, na suruali iliishia huko. Kwenye majivu mepesi mambo ni tofauti: tanguliza kisigino, kunja magoti kidogo, zama. Ukiegemea nyuma kwa woga ndipo miguu inakukimbia. Kijana alikuwa ananisubiri kila baada ya dakika kumi, katambuga zake hazijateleza hata mara moja. Saa 3 jua likatushika, hakuna kivuli hata cha kuficha kichwa, na nusu chupa yangu iliisha tukiwa bado juu ya katikati. Yeye ndiye aliyenigawia yake.

Kwa hiyo beba lita nne, na mbili usiziguse kabla ya kileleni. Fimbo mbili za kupandia. Buti ulizokwisha zizoea, na kata kucha za miguu siku moja kabla. Mimi za vidole gumba zote mbili zilikuwa nyeusi jioni ile, baada ya wiki chache zikang'oka.

Kuhusu mwanao wa miaka 13, mimi nisingempeleka. Abaki Engaresero na mama yake, waende maporomoko ya maji asubuhi, halafu waone nyayo za binadamu wa kale karibu na ziwa, zaidi ya 400, za watu waliopita hapo maelfu ya miaka iliyopita. Zimehifadhiwa kwenye majivu ya Lengai huohuo, ila pale ni tambarare.