Kabla ya kulipa ada ya maombi ya DNP

Msimu wa maombi ukikaribia, simu huanza. Wengi wanaonipigia ni manesi wenzetu walioko huku Marekani, wana BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, wamekaa wodini miaka kadhaa Texas, Minnesota au Massachusetts, na sasa wanautaka udaktari wa uuguzi, ile DNP. Swali ni lilelile: "Dada, shule gani nzuri?" Nami huuliza kwanza: unataka kufanya kazi gani, na katika jimbo gani?

Maana DNP ni shahada tu. Kinachokupa kazi ni fani uliyoisomea ndani yake, mtihani wa bodi na leseni ya jimbo. Ukichukua DNP ya uongozi hutaandika dawa hata wakikuita daktari mchana kutwa. Ukichukua ya afya ya familia au ya magonjwa ya akili, utaandika, ukishafaulu mtihani na kupata leseni ya NP, yaani nesi wa ngazi ya juu anayepima, kutibu na kuandika dawa. Wale vijana wanaopiga simu kwa niaba ya shule hawakufafanulii jambo hilo usipouliza. Wanachotaka ni uanze muhula ujao.

Na usiichanganye na PhD. PhD inakufunza kutafiti, unamaliza na tasnifu. DNP inakufunza kuchukua utafiti uliopo na kuutia kazini: mradi wako unaweza kuwa wa kupunguza wazee wanaoanguka wodini, au wa kuhakikisha kila mama aliyejifungua anapimwa sonona kabla ya kwenda nyumbani. Kama nia yako ni kurudi kufundisha chuo kikuu Nairobi au Dar es Salaam, kaulize mapema, CUE kwa Kenya na TCU kwa Tanzania, yaani tume za vyuo vikuu, pamoja na chuo chenyewe unachokitamani, shahada hii wataipa uzito gani. Usiulize kontena likiwa tayari liko njiani kwenda Mombasa.

Je, unaihitaji kweli? Utaambiwa kwamba bila DNP hivi karibuni hutaweza kuwa NP. Hadithi hiyo ina umri. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kiliazimia kwamba ifikapo 2015 elimu ya ngazi hiyo iwe ya udaktari. Mwaka 2015 ukapita. Mwaka 2018 chama cha walimu wa NP, NONPF, kikataja 2025. Nao umepita, na majimbo bado yanatoa leseni kwa mwenye shahada ya uzamili. Palipobadilika kweli ni kwenye fani ya manesi wa usingizi na ganzi, wale wanaomlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji: tangu Januari 2022, anayeanza masomo hayo anaanza moja kwa moja kwenye programu ya udaktari. Kwingine una nafasi ya kuchagua. Mimi, kwa mtu mwenye watoto na karo za wadogo zake nyumbani, napendelea achukue uzamili kwanza, afanye kazi ya NP, halafu DNP aimalizie huku mwajiri akichangia. Na kabla hujaianza kwa ajili ya mshahara, waulize watu wa rasilimali watu hapo kazini kwako kama NP mwenye DNP analipwa tofauti na mwenye uzamili. Sehemu nyingi tofauti ni ndogo, au haipo.

Ithibati haihitaji maneno mengi. Programu yenyewe, si chuo tu, iwe imeidhinishwa na chombo cha ithibati ya uuguzi: CCNE, ACEN au CNEA. Ya usingizi iidhinishwe na COA. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya chombo hicho, si kwenye kipeperushi cha shule.

Jimbo ndilo watu wanalolipuuza. Shule ya mtandaoni inaweza kuwa Utah nawe uko Dallas, lakini saa za kliniki utazifanyia Dallas na leseni utaiomba Texas. Shule inatakiwa ieleze wazi ni majimbo gani programu yake inakidhi masharti ya leseni. Ukurasa huo utafute, uupige picha, uuhifadhi. Kisha fikiria unakotaka kuishi baadaye. Texas bado inamtaka NP awe na mkataba na daktari ndipo aandike dawa. Massachusetts ililegeza sheria 2021, Kansas ikafuata 2022. Kwa anayeota kufungua kliniki yake, na wenzetu wengi wanaota hivyo, hilo lina uzito kuliko jina la chuo.

Sasa tuje kwenye kinachowaumiza watu: prisepta, yaani yule daktari au NP atakayekusimamia kliniki. Kipimo kilichozoeleka cha DNP ni saa 1000 za mazoezi baada ya shahada ya kwanza. Nani anakutafutia mahali pa kuzifanyia? Shule nyingine ina ofisi nzima ya kazi hiyo na mikataba iliyokwisha kusainiwa na hospitali. Nyingine inakupa fomu na kukutakia heri. Unatoka shifti ya usiku, unakaa garini kwenye maegesho na orodha ya kliniki, unapiga moja baada ya nyingine, na wa mapokezi anakwambia kwa upole kwamba mwaka huu hawachukui wanafunzi. Ukibahatika kupata, mkataba wa shule na kliniki nao unaweza kuchukua wiki hadi miezi. Kuna kampuni zinazokuuzia prisepta kwa pesa nzito, juu ya ada uliyokwisha kulipa. Na fani ya magonjwa ya akili, ambayo watu wetu wameipenda sana, ndiyo yenye msongamano: wote mnamkimbilia mtu yuleyule.

Kwa hiyo ukiongea na mtu wa udahili, uliza hivi: "Nani anatafuta prisepta, mimi au nyinyi? Nikikosa, muhula unaahirishwa? Ada nayo?" Sikiliza jibu vizuri. Akisema "tunakuunga mkono katika kutafuta", ujue unatafuta mwenyewe. Mwombe akuandikie jibu kwa barua pepe. Halafu waombe wakuunganishe na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwulize bila wao kusikia. Kwenye kundi lenu la WhatsApp au kanisani huenda kuna NP mwenye kliniki. Zungumza naye sasa, kabla hujajiandikisha, wala si wiki mbili kabla ya muhula.

Kumbuka pia kliniki hufunguliwa mchana. Nesi wa usiku anayetoka saa moja asubuhi na kutakiwa kliniki saa mbili hatadumu hivyo, na akiendesha gari huku anasinzia anajihatarisha yeye na wenzake barabarani. Panga mapema kuhamia wikendi au PRN, yaani kazi ya kuitwa wanapokuhitaji.

Upande wa fedha, usiishie kwenye bei ya krediti moja. Zidisha kwa krediti zote, ongeza ada za kliniki, programu za kompyuta, na nauli kama wanakutaka chuoni mara moja moja. Mikopo ya serikali kuu imebanwa: kuanzia Julai 1, 2026, Grad PLUS, ule mkopo wa ziada wa wanafunzi wa shahada za juu, imefungwa kwa wakopaji wapya, na kikomo cha shahada za juu ni dola 20,500 kwa mwaka, 100,000 kwa jumla. Shahada zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma ("professional") zina kikomo cha 50,000 kwa mwaka, lakini orodha iliyopendekezwa na Wizara ya Elimu mwishoni mwa 2025 haikuuweka uuguzi humo, na manesi walipiga kelele sana. Angalia hali ilivyo siku unayoomba. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Na kama unapenda kufundisha huku, ulizia Nurse Faculty Loan Program: shule zinazoshiriki hukukopesha, na ukifundisha miaka minne kwa ajira kamili hadi asilimia 85 ya deni inafutwa.

Kwa waliosoma KMTC au vyuo vingine vya nyumbani, anza na matokeo yako leo. Shule nyingi huku zinayataka yakiwa yamepitiwa na mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, WES au CGFNS (ambayo sasa inaitwa TruMerit), somo kwa somo, na yatoke chuoni moja kwa moja yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kielektroniki. Mtume ndugu aende dirishani mwenyewe. Barua pepe pekee huzama. Na kama cheti cha chuo kina jina la baba nayo leseni ina jina la mume, peleka nakala ya cheti cha ndoa pamoja na maombi, usingoje waiulize.