Jibu: Ghala la Texas linataka nipimwe kwa mashine ya uongo kabla ya kuajiriwa

Habari ndugu. Nilivyokuelewa, ghala la kampuni binafsi limekuambia hupati kazi mpaka ukae kwenye mashine ya kupima uongo, na unauliza kama ni haki.

Kwanza angalia ghala lina mzigo gani. Sheria ya shirikisho ya 1988, EPPA, inamkataza mwajiri binafsi kukulazimisha kupimwa, hata kukuomba tu, na hawezi kukunyima kazi kwa kuwa umekataa. Haiwagusi serikali, na imeziachia mwanya kampuni za walinzi, za magari ya kubebea fedha, na watengenezaji au wasambazaji wa dawa zinazodhibitiwa. Kama kazi yako itazigusa dawa hizo, wanaweza kukupima. Hata hapo wakupe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, uyaone maswali yote mapema, kipimo kisipungue dakika 90, na majibu ya mashine peke yake yasikunyime kazi.

Mashine yenyewe inasoma pumzi, presha na jasho la vidole. Hofu ya kukosa kazi inachora mistari ileile kama ya uongo.

Wadai ombi lao kwa maandishi, usisaini ridhaa, kisha lalamika Wizara ya Kazi ya Marekani, kitengo cha Wage and Hour. Kufungua kesi una miaka 3.