Muulize Shangazi: "Kuna kitu kinashuka huko chini, naogopa kusema"

Toleo lililopita nilimjibu mama mmoja aliyekuwa akikohoa mkojo unamponyoka, nikagusia kwa mstari mmoja tu habari ya kizazi kushuka, bas, toka siku hiyo simu haijapumzika. Meseji karibu zote zinaanza "shangazi usinitaje". Sijamtaja mtu. Leo ukurasa wote ni wenu, barua tatu tu, ya kwanza ndo nimeijibu kwa urefu maana ndani yake nimewaona wengi. Kwa wageni, mimi ni mkunga mstaafu, haya nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

*Shangazi shkamoo. Nina miaka 41, watoto watano, wote njia ya kawaida, wa tatu alikuwa kilo nne na nusu nikasukuma toka magharibi mpaka alfajiri. Niko huku Lushoto, nabeba kabichi kichwani toka shambani mpaka barabarani. Toka mwaka jana ikifika jioni nasikia kitu kama yai kinashuka ukeni, nikilala kinarudi, asubuhi sina kitu. Mkojo nao hauishi, natoka chooni narudi tena. Jirani anasema ni fistula, wifi yangu anasema nimetupiwa kitu, mwingine kanipa shabu niweke ibane, nimeweka mara mbili nimeungua. Mume wangu hajui. Nitakufa nalo hili?*

Marahaba mwanangu. Hufi nalo, na wala hujatupiwa kitu.

Unakijua kitanda cha kamba? Kikiwa kipya ukilala hakibonyei, ila watu wakikilalia miaka, watoto wakikirukia, kamba zinalegea na godoro linashuka katikati. Godoro halijachanika, kamba ndo zimelegea. Na sisi huko chini ni hivyo hivyo, kuna misuli imetandazwa toka mbele mpaka nyuma na nyuzi zinazoshikilia kizazi, kibofu na utumbo wa haja kubwa. Uzazi unazinyoosha, hasa mtoto mkubwa na kusukuma muda mrefu, alafu zinakuja kuongezewa na mizigo, kufunga choo miaka na miaka, kikohozi kisichoisha, unene, na hedhi ikikatika ndo zinalegea zaidi. Basi kilicho karibu kinashuka. Kibofu kinabinukia ukuta wa mbele, utumbo ukuta wa nyuma, kizazi kinashuka toka juu. Ndo maana hata aliyekwisha tolewa kizazi bado anaweza kushuka.

Sasa fistula ni tundu. Mkojo au choo kinapita kwenye tundu hilo chenyewe, usiku na mchana, hakuna cha kubana. Wewe unaenda chooni kwa miguu yako, ila kibofu kimekunjika hakimalizi. Fistula imetangazwa sana redioni, na ni jambo jema mno, wanawake wengi wamepona kwa sababu ya matangazo yale. Ila huyu ndugu yake hakutangazwa, kwa hiyo kila kitu cha huko chini watu wanakiita fistula, na mwanamke anasikia "fistula ni kuvuja muda wote", anajiangalia yeye havuji, anasema basi yangu haina jina, labda kweli nimelogwa. Ina jina. Inaitwa kizazi kushuka, au viungo vya nyonga kushuka.

Na hauko peke yako hata kidogo. Vijijini mkoani Kilimanjaro walipimwa wanawake 1195, utafiti ukachapishwa mwaka 2018, zaidi ya sita katika kila kumi walikutwa wameshuka kiasi cha kupimika. Wengi kidogo tu, wenye kimetoka nje kabisa walikuwa wachache, lakini hebu fikiria hapo sokoni unapouza kabichi mko wangapi, na mnatazamana kila mmoja anadhani ni yeye tu. Na kubeba mizigo mizito kwa masaa mengi kulitajwa kati ya sababu. Kule Nepal, nchi ya milima na wanawake wanaobeba mizigo kama nyie, jambo hili lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, mwaka 2008 majaji wakasema wanawake kuachwa na tatizo hili ni kunyimwa haki zao, serikali itibu na ielimishe. Mimi nikikumbuka hilo napata nguvu, maana kwetu bado tunalificha chini ya kanga.

Tufike kwenye la kufanya. Shabu acha leo. Haivuti misuli, inakausha na kuchoma ngozi tu. Na kujikaza kanga tumboni mpaka pumzi inakata nako hakupandishi kizazi, kunakikandamiza kuelekea chini.

Alafu nenda upimwe, na hapa nisikilize vizuri. Miaka ile niko kazini alikuja mama mmoja, namuona benchi analikalia kwa upande mmoja, hawezi kukaa sawa. Kumbe ilikuwa mara yake ya tatu. Mara zote mbili za mwanzo yule wa dirishani kamuuliza kwa sauti mbele za watu "mama unaumwa nini", na yeye akasema tumbo. Nani angesema lingine pale? Akapewa dawa za minyoo akaenda zake, akarudi, akapewa za vidonda vya tumbo. Miaka miwili hiyo. Nilipomvuta chumbani nikafunga mlango nikamuuliza taratibu, alilia kwanza ndo akasema. Kumpima ilikuwa dakika tano. Mpaka leo namfikiria, na nawafikiria ambao hawakurudi mara ya tatu.

Kwa hiyo wewe dirishani sema tu "nina shida ya akina mama, naomba kuongea na nesi faragha". Ukishafungiwa mlango sema maneno haya haya: kuna kitu kinatoka ukeni, jioni kinashuka, mkojo hauishi. Usiseme tumbo. Omba upimwe ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama au unakohoa, maana ukilala kinarudi na mpimaji anaweza asikione. Watakupima na mkojo pia, kibofu kisichomaliza kinapata maambukizi kirahisi. Kama zahanati hawana utaalamu, dai rufaa uende hospitali ya wilaya au mkoa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Usiogope kwamba kila anayeenda anapasuliwa. Hatua ni nne, na wa hatua za mwanzo wengi wanaanza na mazoezi. Unabana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unavuta juu ndani, unahesabu mpaka kumi huku unapumua, unaachia kabisa, unarudia mara kumi, na hivyo mara tatu kwa siku. Tumbo na makalio yasikaze. Ukishindwa kumi anza na tatu. Ukishajua misuli yenyewe usiifanyie mazoezi katikati ya kukojoa, unaharibu ukojoaji. Na usikate tamaa wiki ya pili, hayo yanataka miezi mitatu minne ya kila siku.

Kuna pesari nayo, hii wengi hawajawahi kuisikia. Ni pete laini ya silikoni, ukiishika mkononi inakunjika kama bangili ya mpira, nesi anaikunja anaiingiza, ndani inafunguka na kukishikilia kile kinachoshuka. Ina saizi, usipoisikia ukitembea ndo yako. Ikibana au ikidondoka unarudi wakubadilishie, mara nyingi ya kwanza siyo ndo inayokaa. Baada ya mafunzo wengine wanaitoa wenyewe wanaosha kwa maji na sabuni wanarudisha, wengine wanarudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa. Niliwahi kumvalisha mama mmoja muuza samaki, akasimama, akatembea mpaka mlangoni akarudi, akatembea tena, akaniangalia tu hakusema kitu.

Operesheni ipo, kwa walioshuka sana au walioona hayo mengine hayawafai. Muulize daktari anataka kufanya ipi, maana kutoa kizazi siyo lazima kwa kila mtu, kuna za kukivuta juu na kukifunga, na kuna za kukaza kuta tu. Kama bado unataka kuzaa mwambie kabla. Uliza gharama na bima mapema. Na ujue inaweza kushuka tena baadae, hasa ukirudi kwenye mizigo, kwa hiyo zile wiki sita za mwanzo hubebi kitu kizito na tendo la ndoa mnasubiri mpaka daktari aruhusu.

Kabichi sijakwambia uache, najua ndo ada za watoto. Gawa mzigo, nenda mara mbili na nusu nusu, na unapouinua bana kwanza ile misuli na utoe pumzi, usizuie. Kunywa maji, kula papai na mboga, choo kisiwe cha kukamia.

*Shangazi, mimi ni mwanaume, Kahama. Mke wangu alijifungua mtoto wa nne miezi saba iliyopita, sasa ananikwepa. Nilidhani kuna mtu, kumbe juzi kaniambia akilia kuwa kizazi kimeshuka. Tukikutana namuumiza? Nifanyeje?*

Baba, kwanza nashukuru umeuliza badala ya kwenda kuuliza kwingine. Tendo la ndoa halikishushi zaidi wala wewe hudhuriki. Akilala kinarudi chenyewe. Akiwa mkavu, na anayenyonyesha huwa mkavu, tumieni jeli ya kulainisha, mwende taratibu, na akisema inauma muache hapo hapo. Wengi hawakwepi mume, wanakwepa kuonekana. Mwambie kwa mdomo wako kwamba unamtaka vile vile, usidhani anajua. Miezi saba bado ni mapema, mazoezi niliyoeleza hapo juu yanaweza kumsaidia sana, ila apimwe. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ibebe wewe. Watu wakiongea waache waongee.

*Shikamoo shangazi. Bibi yangu ana miaka 71, tuko Kisarawe. Wakati namuogesha nimeona kizazi kiko nje kabisa, kina kidonda na kuna damu kwenye nguo. Anasema yuko hivyo toka mama yangu yuko darasa la pili na nisimwambie mtu.*

Marahaba mjukuu. Huyo hasubiri mwezi ujao, mpeleke wiki hii. Mara nyingi kidonda kama hicho kinatokana na kukauka na kusuguana na nguo, kinatibika, lakini damu kwa aliyekwisha kata hedhi lazima ichunguzwe, inaweza kuwa kidonda tu na inaweza kuwa kansa, hatujui mpaka apimwe. Akishindwa kabisa kukojoa, au kikivimba na kubadilika rangi, hiyo ni usiku huo huo. Kwa sasa muoshe kwa maji safi, mfunike na kitambaa laini kilicholowa maji safi, usimpake majani wala mafuta ya taa.

Uzee haumfungii mlango. Kuna pesari, kuna krimu ya homoni ya kulainisha ngozi, na operesheni nyingi za huko zinafanyika kwa sindano ya mgongo bila kumlaza usingizi kabisa. Kama hamna uwezo ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, wazee wasio na uwezo wana utaratibu wa msamaha.

Na ile ahadi ya kutomwambia mtu, rudi kwake umuombe akuachie umwambie daktari mmoja tu. Mkae wawili, mlango umefungwa, umshike mkono. Mwambie kuna mkunga mzee mwenzie anamsalimia, na anasubiri kusikia amepimwa.