Jibu: Je, Ziwa Victoria liliwahi kuona vita vya meli?

Ndugu, liliona, na Kisumu ndiyo iliyokuwa kambi ya Waingereza. Meli kama Winifred iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari, kisha kwa reli mpaka Kisumu ikaungwa upya. Hebu fikiria kazi hiyo! Ilikuwa ya abiria na mizigo tu, lakini Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipozuka 1914 ikafungwa mizinga, maana Wajerumani nao walikuwa na Muansa, stima ndogo yenye silaha. Zilikutana vitani Karungu, kwenye ufuo wa ziwa upande wa Kenya, Septemba mwaka huohuo. Juni 1915 wanajeshi wa Waingereza wakapanda meli Kisumu, wakavuka hadi Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakauteka mji, wakabomoa kituo cha redio na kurudi. Inaniuma kwamba shuleni hatukufundishwa haya, ilhali bandari tunaiona kila siku.