Mtu mmoja kuona printa za ofisi nzima kwenye seva

Kaka, huyo mhasibu wako anayeona printa za watu wote akiingia kwenye seva ya rimoti desktopu (kompyuta kuu ya Windows ambayo watu wengi huingia kwa mbali kila mmoja na dirisha lake), usihangaike na draiva kwanza, cheki yuko kundi gani, maana yuza wa kawaida anaona zile za sesheni yake tu (yaani alivyoingia yeye mwenyewe) ila ukimweka Administrators (kundi la wasimamizi wa seva) anaziona hadi za wenzake. Mtoe humo, kisha alogauti kabisa aingie tena, sio kubonyeza X ya kufunga dirisha tu (wengi wanadhani wametoka kumbe sesheni bado iko hai). Akihitaji printa moja tu, Group Policy (mipangilio ya Windows anayoweka msimamizi) ina kipengele cha kuleta printa yake ya difoti peke yake. Spula lakini (huduma ya Windows inayopanga foleni ya kuprinti) usiiristati mchana, utawakatia watu kazi zao.