Barua kwa mwanangu Kendi: mlima utembee

Mwanangu Kendi,

Hatujambo huku Timau. Baridi imeanza mapema, babako anaamka akikohoa na kudai ni mimi niliyeacha dirisha wazi. Ujumbe wako nimeusoma. Umejiandikisha mbio za Lewa, zile za ndani ya hifadhi ya wanyama, kilomita 42 nzima, na unauliza: milima nikimbie au nitembee, na nikitembea nitakuwa nimekimbia marathoni kweli?

Tembea. Na ndiyo, utakuwa umekimbia. Wale wa mbele watapanda mbio kila mlima kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao. Kazi yako wewe iko benki. Panda ukijisikiliza: pale utakaposhindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, acha kukimbia hapo hapo, tia mikono mapajani, tembea kwa nguvu. Utamwona aliyekupita kwa mbio akiwa mita chache tu mbele yako, hoi.

Ila hujaniuliza kuhusu mteremko, na mteremko ndio ulionimaliza mimi.

Mwaka 2009, nilipokimbia Lewa mimi, wewe ulikuwa darasa la tatu. Unajua njia ya Lewa ni mzunguko mmoja wa kilomita 21, wa nusu marathoni wanamalizia hapo na wa 42 wanauanza tena. Mzunguko wa kwanza niliufurahia mno. Asubuhi baridi, Mlima Kenya unaonekana, pundamilia wamesimama wakitutazama, helikopta juu zikiwaangalia wanyama wasisogee njiani. Kila mteremko nilijiachia. Nilijiambia hizi ni kilomita za bure, mbona nisichukue? Kufika kama kilomita ya 27 nikaanza kushuka kimlima kidogo tu, goti likakataa. Mapaja yalikuwa yanatetemeka kama jeli. Nikajaribu upande upande, nikajaribu kukaza, mwishowe nikageuka nikashuka kinyumenyume, mwalimu mzima. Askari wa wanyama aliyekuwa pale na bunduki yake akaniuliza, "Mwalimu, umeamua kurudi nyumbani?" Nilicheka nikilia.

Nilimaliza kwa saa sita kasoro. Wiki hiyo yote ngazi za nje nilizishuka kinyumenyume pia, na wewe ukawaita wenzako waje kuona.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja na kukusukuma. Unachoka, lakini haudhuriki sana. Ukishuka, msuli huo huo unavutwa huku unashika breki, kila hatua, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Pumzi haikuonyi, maana kushuka hakukuhemezi. Ndiyo maana mtu hudanganyika.

Habari njema ni kwamba paja lina kumbukumbu. Likishaumizwa kidogo na mteremko, wiki chache zinazofuata haliumii vile tena. Kwa hiyo unatakiwa uliumize mapema, kwa makusudi. Mombasa hakuna mlima, najua, daraja la Nyali haliwezi kuitwa mlima. Lakini mna jengo la orofa nane lenye lifti. Watu wa mazoezi hupanda ngazi kisha wakashuka na lifti. Wewe mara moja kwa wiki fanya kinyume: panda na lifti, shuka kwa miguu. Anza na mara nne, ongeza pole pole. Bawabu akikushangaa, msalimie. Siku ya pili yake utaumwa kuliko siku yenyewe, usiogope. Wiki mbili au tatu kabla ya Lewa ndiyo iwe mara ya mwisho.

Siku yenyewe, shuka kwa hatua fupi za haraka, goti limekunjika kidogo, usiegemee nyuma. Shuka kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kucha za miguu uzikate wiki hiyo na kamba za raba uzikaze karibu na kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele hadi kucha ziwe nyeusi. Mafuta ya kujipaka, kwapani na katikati ya mapaja, mengi.

Jambo jingine. Wewe unaishi usawa wa bahari, na Lewa iko kama mita 1,700 juu. Hewa ya huko ina oksijeni pungufu karibu moja kwa tano. Ile saa yako ya mkononi inayokuambia mwendo wa Mombasa, ivue. Bosi akikuruhusu, njoo wiki nzima kabla. Chumba chako kipo, nimetoa magunia ya viazi.

Glukosi nitakununulia hapa. Anza kuitumia mapema, kuanzia kilomita ya nane au tisa, kidogo kidogo, usingoje mpaka ulegee. Sukari ya mwilini huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30, na wakati huo tumbo limeshakataa kila kitu. Uijaribu huko kwanza kwenye mazoezi marefu.

Nitakuwa pale mzunguko wa kwanza unapoishia, nimevaa kofia nyekundu ya babako. Utawaona wa nusu marathoni wamekaa kwenye nyasi wanakunywa soda, na utatamani. Usinikumbatie wala usisimame. Nitupie jaketi, upite.

Mamako